Mkasi, Kitenge na Malkia wa Jina Langu

Iko siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu Neema, na nitakusimulia hapa hapa tulipo, wewe upande wako wa kichwa cha huyu dada na mimi upande wangu. Hizi rasta alizoagiza ni nyembamba kama uzi, hatutamaliza kabla ya jioni, kwa hiyo muda tunao. Usimhofie, Kiswahili hakijui, na tangu tushike mistari ya nyuma amelala fofofo. Hiyo simu iache hapo kwenye kiti. Nimekuona tangu wifi yako akutumie ule ujumbe. Unaichukua, unaanza kurekodi sauti, unafuta, unaanza tena. Ujumbe wenyewe nimeusikia, si uliuwasha kwa sauti mpaka wale wanaouza sombe, majani ya muhogo, pale nje wakageuka? Eti uchague: uhamie Cape Town kwa mumeo kabla mwezi haujaisha, au umtoe mtoto apelekwe kwa bibi yake Uvira. Moja kati ya mawili, na jibu litoke leo. Najua jibu gani liko kwenye ulimi wako. Liliwahi kuwa kwenye ulimi wangu.

Nilikuwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa, na tayari nilikuwa mjane.

Mume wangu aliitwa Plasidi. Tulitoka Bukavu pamoja, tukashuka Lubumbashi, tukavuka Zambia kwa malori na miguu, tukafika huku Johannesburg tukiwa na begi moja na ujauzito wa Furaha. Yeye alipata kazi ya sekirite, kusimama getini kwenye ofisi za Sandton, na mimi nikapata kiti katika saluni hii hii, wakati huo ikiwa ya Mama Veronika, Mungu amlaze pema. Wiki nzima Plasidi alikuwa akifungulia watu geti na hakuna aliyemwambia hata habari yako. Jumapili ikifika, baada ya misa, anaweka beseni barazani, ananikalisha kwenye kigoda, ananiosha nywele. Mwanaume mzima, na sare yake imeanikwa pembeni! Alikuwa ananimwagia maji kwa kikombe cha chai, polepole, kiganja chake kimenifunika macho ili sabuni isiingie. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mwanangu, uso wa Plasidi umeanza kunififia, nakuambia kweli, siku hizi nikitaka kuuona lazima nitazame picha. Lakini kile kiganja nakisikia mpaka leo juu ya macho yangu.

Aliumwa kifua. Alianza na kikohozi cha baridi ya alfajiri getini, tukakiita mafua, na baridi ya mwaka ule ilipokwisha na yeye alikuwa amekwisha. Tulimzika huku huku, mbali na milima yao, mbali na ziwa. Watu wa kanisa walijaa chumbani mpaka ngazini, waliimba nyimbo za kwetu, wakalia matanga vizuri, kisha wakarudi makwao. Nikabaki na Furaha, naye akawa anauliza baba atarudi zamu ya saa ngapi.

Sasa sikiliza, maana desturi hii ninyi mliozaliwa juzi mnaisikia tu. Kwa ukoo wa Plasidi, matanga yakiondolewa mjane anatakiwa kuchagua. Njia ni mbili. Ama anarithiwa na mdogo wa marehemu, anabaki mke wa ukoo na watoto wake wanabaki naye. Ama ananyolewa, anaondoka, yuko huru, hakuna atakayemsumbua, lakini mtoto ni wa ukoo na mtoto anabaki nao. Na mdogo wa Plasidi alikuwepo huku huku, aliitwa Amani, ana spaza ndogo ya kuuza mkate na sabuni kule Diepsloot. Nilikuwa simjui sana. Alikuwa kijana mkimya, kwenye mazishi alisimama nyuma ya watu wote.

Siku yenyewe nilikuwa nasuka. Mama mmoja wa Kizulu, nywele nyingi, anataka mistari ya kwenda nyuma. Akaingia Papa Zebedayo, shemasi wa kanisa letu, kofia mkononi, mfuko wa plastiki kwapani. Akasalimia, akakohoa, akasema ametumwa na ukoo. Wazee wa Bukavu wamepiga simu, wamekaa, wamekata shauri. Akatoa vitu viwili kwenye mfuko akaviweka juu ya benchi mbele ya wateja: kitenge kipya cha buluu chenye ndege wa manjano, na mkasi. Nikichukua kitenge, nimekuwa mke wa Amani. Nikichukua mkasi, ninyoe, niende zangu, na Furaha atapanda gari na mtu anayerudi kwetu. Na jibu alitakiwa kulipeleka siku ile ile.

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimemzika mtu wangu na udongo wake haujakauka, na huyu ananipangia vitu kwenye benchi kama muuza mitumba! Nilisimama, kitana mkononi, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilitaka kumwambia hivi: mchukueni mtoto, chukueni na kaburi lenyewe, chukueni kila kitu, na mniache nife. Ndivyo nilivyotaka kusema, Neema, na sikumaanisha hata neno moja, ila ningelisema.

Mama Veronika alinishika kiwiko. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, ila mkono wake ulikuwa na nguvu ya miaka yote ile ya kusuka. Alinikalisha. Kisha akamgeukia shemasi.

"Papa, keti hapo kwenye benchi usubiri. Huyu ana kichwa cha mtu mkononi."

Hiyo ilikuwa sheria yake na mnaijua, mpaka leo ninawapigia nayo kelele. Ukiwa na nywele za mtu mkononi hujibu jambo zito, maana hasira inashuka mpaka kwenye vidole, vidole vinavuta, na mteja anaamka kesho ana vipele pembeni mwa paji. Shemasi alitaka kubisha, akaangaliwa mara moja tu, akaketi. Nami nikaambiwa niendelee. Nikaendelea, machozi yanadondoka juu ya kichwa cha watu.

Ndipo Mama Veronika akaniuliza kama ninajua jina langu ni la nani. Nikamjibu kwa ukali kwamba nilibatizwa Klotilde kwa sababu padri alitaka, basi. Akaguna. Yeye alilelewa na masista kule kwetu, na masista walikuwa wanasimulia habari za watakatifu wakati wasichana wanachambua maharage. Akasema, basi leo utamjua somo wako. Akashika upande wa pili wa kichwa kile kile, akaanza, taratibu, mkono unasuka, mdomo unasimulia, kama ninavyofanya mimi sasa.

Klotilde huyo alikuwa malkia wa Wafaranki, watu waliotawala zamani sana huko Ufaransa ya leo, kabla nchi yenyewe haijaitwa hivyo. Alizaliwa binti wa mfalme wa nchi ya jirani, na wanasimulia kwamba baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe wa tumbo moja, na mama yake naye akauawa. Kwa hiyo alikulia nyumbani kwa ami aliyewamaliza wazazi wake. Hebu fikiria unakula ugali wa mtu wa namna hiyo. Wajumbe wa mfalme wa Wafaranki wakapita pale, wakamwona msichana ana adabu na akili, wakarudi kumsifu, mfalme akatuma posa. Ami hakuthubutu kukataa. Akaolewa na mtu asiyemjua, mpiganaji, anayeabudu miungu ya kwao, na yeye Mkristo.

Nilimkatiza nikamuuliza kama alimpenda. Mama Veronika akacheka, akasema ngoja.

Akazaa mtoto wa kwanza, wa kiume. Akamsumbua mumewe usiku na mchana mtoto abatizwe. Mume anasema hataki, huyo Mungu wako sijamwona akifanya lolote. Malkia akapamba kanisa kwa mapazia na vitambaa vizuri, akidhani yule mwanaume akiona uzuri atalainika. Mtoto akabatizwa, na mtoto akafa, angali amevaa zile nguo zake nyeupe za ubatizo. Mfalme akamjia juu: ungemweka kwa miungu yangu angeishi. Basi hapo Mama Veronika alisimamisha mkono wake, akanitazama kwenye kioo, akaniambia nifikirie nyumba ile usiku huo, watu wawili wamefiwa na mtoto mmoja na kila mmoja ana wa kumlaumu.

"Akazaa wa pili," akasema. "Na yule mfalme akamwacha ambatize na huyo. Umeniuliza kama walipendana. Mwanaume aliyezika mtoto akaulaumu ubatizo, kisha akamwachia mkewe amshike wa pili akambatize, usiniambie hakumpenda."

Na huyo wa pili naye aliugua, mwanangu. Mfalme akasema si mnaona, huyu naye anakwenda. Malkia akapiga magoti, hakuinuka mpaka mtoto akapona. Miaka ikapita, mfalme akazidiwa vitani, watu wake wanachinjwa mbele ya macho yake, miungu yake kimya, akainua mikono akamwita Mungu wa mkewe. Akashinda. Akaja akabatizwa naye. Mimi nilikuwa nimeanza kusahau shemasi yupo. Nilikuwa namwona Plasidi, ambaye misa zote alikuwa anasinzia, na nikimkanyaga mguu anaamka anaimba kwa nguvu kuliko wote.

Kisha yule mfalme akafa, na Klotilde akawa mjane kama mimi. Hakuolewa tena. Alihamia mji mwingine, akawa karibu na kanisa, akiishi na kumbukumbu zake. Yule mwanawe aliyepona naye akaja akafa vitani akaacha watoto watatu wa kiume, na bibi yao ndiye aliyewalea. Aliwapenda kupita kiasi. Sasa hawa Wafaranki, wafalme wao walikuwa hawakati nywele tangu kuzaliwa. Nywele ndizo zilikuwa taji. Ukimnyoa mwana wa mfalme umemvua ufalme. Nikauliza ni nani alikuwa anawasuka wanaume wote hao, Mama Veronika akanipiga kofi dogo la mkono, na hata shemasi kule kwenye benchi akatabasamu.

Malkia alikuwa na wana wengine, na wawili kati yao wakaona wivu: mama anataka watoto wa marehemu ndugu yetu watawale. Wakamtumia ujumbe kwa maneno matamu, tuletee watoto tuwavishe ufalme. Bibi akafurahi, akawalisha wakashiba, akawapeleka. Walipokwisha kuwapata, wakamtuma mtu wao kwa mama yao. Na mtu huyo alibeba vitu viwili. Mkono mmoja upanga, mkono mwingine mkasi. Akasema, mama, wanao wanauliza unataka wajukuu wako wanyolewe waishi, au wauawe.

Mimi mikono yangu ilisimama yenyewe.

Malkia alikuwa amechanganyikiwa kwa uchungu. Hakujua anasema nini. Akasema kama hawatakuwa wafalme, afadhali niwaone wamekufa kuliko wamenyolewa. Na yule mjumbe, Mama Veronika akasema, hakungoja. Hakumngoja afute machozi, hakumngoja afikirie hata kidogo. Alipata alilotaka akaondoka mbio. Wawili waliuawa, na aliyewaua ni baba zao wadogo. Wa tatu watu wenye moyo walimtorosha, na alipokua alijikata nywele kwa mkono wake mwenyewe, akawa padri, akaishi. Kumbe mtu ananyolewa na anaishi. Bibi yao alibeba wale wawili kwenda kuwazika, mwenyewe anatembea nyuma ya jeneza, na aliishi miaka mingi baada ya hapo akiwa na lile neno lake.

"Hakuwa mbaya," Mama Veronika akaniambia. "Hakuwa na mtu wa kumwambia mjumbe aketi."

Nilisuka mpaka mstari wa mwisho. Nilipochovya ncha za rasta kwenye maji ya moto nikamwangalia Furaha, amelala juu ya mfuko wa nywele za bandia kule kwenye kona. Lile neno nililotaka kulisema lilikuwa limekwisha kabisa, hata sikujua limetokea wapi. Nikamwita shemasi. Nikamwambia, kwa heshima, arudishe vitu vyote viwili, na amwambie shemeji yangu, kama swali ni lake, aje aniulize mwenyewe mbele ya mtoto.

Alikuja Jumapili. Amevaa koti la marehemu kaka yake, nilikuwa nimempa mwenyewe siku ya matanga. Alikaa kwenye kigoda, akawa anageuza kofia, hakuweza kuniangalia. Nikamuuliza kama anataka kunioa. Akasema wazee ndio waliosema. Nikamuuliza kama anataka kumchukua Furaha. Akaanza kulia, mwanangu, analia kama mtoto, anasema atampeleka wapi na yeye analala nyuma ya friji dukani. Anasema anachotaka ni kumwona tu, kwa sababu ana meno ya mbele ya kaka yake. Basi. Yale yote ya mkasi na kitenge, chini yake palikuwa na kijana mmoja amefiwa na ndugu. Tukakubaliana Furaha anabaki na mimi, na yeye atakuja kumwona, na wazee atawaambia mwenyewe. Nywele zangu sikunyoa.

Ungedhani hadithi imeishia hapo na nasaha ndiyo hiyo. Huwa naimalizia hapo nikiwasimulia wasichana wengine. Wewe nitakupa iliyobaki, kwa sababu nakupenda na kwa sababu hiyo simu yako haijatulia.

Amani alikuja kila Jumapili. Anapanda taxi ya Diepsloot mpaka mjini, anatembea mpaka kwangu Yeoville, mkononi ana ndagala, wale dagaa wa kwetu, waliofungwa kwenye gazeti kwa sababu Furaha aliwapenda. Tulikuwa tunamsuka mtoto barazani. Mimi nasuka, yeye ananitengea nywele, nyuzi chache chache, ananipa. Alijifunza haraka, mikono yake ilikuwa safi na mipole. Hatukuwa tunaongea sana. Anasema habari za duka, ninasema habari za saluni, Furaha anatujibu wote wawili kwa Kizulu. Mwaka wa kwanza nilimngoja kwa ajili ya mtoto. Baadaye, sijui ni Jumapili gani, nilijikuta nachagua nguo tangu Ijumaa. Nikisikia hatua ngazini nilikuwa najua ni zake kabla hajagonga. Nilikuwa nampenda, Neema. Nalisema leo kwa mdomo mpana, wakati ule hata moyoni sikulisema. Niliona aibu. Nilikuwa nimekataa kitenge mbele ya shemasi na wateja wote, sasa nitakitakaje? Naye nadhani alijiambia, nilimtumia mkasi mwanamke huyu, sina uso wa kumtumia kitu kingine.

Kisha ukaja mwaka ule wa fujo za kuwafukuza wageni. Zilianzia Alexandra, zikaenea, zikafika na Diepsloot. Eish, tusiyataje yote. Duka la Amani lilivunjwa likabebwa mpaka milango. Aliponea kwa jirani yake, mama wa Kipedi, aliyemficha chini ya kitanda. Siku chache baadaye, mchana, aliingia hapa saluni. Mikono mitupu, isipokuwa mfuko mdogo wa plastiki kwapani. Akaniambia kuna basi la watu wanaorudi kwetu, liko Park Station, linaondoka alasiri. Wateja walikuwa wamejaa, kila mtu alitaka kusukwa upesi awahi nyumbani kabla ya giza. Akasimama karibu na kiti changu akasema, kwa sauti ya chini:

"Mama Furaha, kuna neno la kunifanya nibaki?"

Na mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia shemeji, keti hapo kwenye benchi, ngoja nimalize. Niliona nafanya busara. Nikajisemea ndiyo hii, jambo zito, nitulie kwanza, nipange maneno, nimpe jibu zuri. Alikaa. Nilikuwa namwona kwenye kioo, ameweka mfuko magotini. Nilisuka haraka kuliko nilivyowahi kusuka, na nilikuwa nimeshapata maneno yenyewe, yalikuwa machache tu. Kisha mteja akasema nimemvuta, nikainama kulegeza ule mstari. Nilipoinua macho, kwenye kioo palikuwa na benchi tupu.

Alikuwa ameacha mfuko. Ndani yake kilikuwemo kile kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, alikihifadhi miaka yote ile, na safari hii hapakuwa na mkasi. Niliacha mteja, nikakimbia na kitana nywelani, nikavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu, magari yananipigia honi. Park Station pale nilikuta watu wengi, na moshi, na mama mmoja anagawa chai. Basi lilikuwa limekwenda.

Ndicho hicho kitenge unachoniuliza kila siku kwa nini sikishoni. Kiko pale juu ya kabati la nywele. Nakifua Krismasi, nakikunja, nakirudisha. Furaha amekwisha kuwa mtu mzima na yeye ndiye anayeongea na baba yake mdogo kwenye simu. Aliniambia siku moja, huku anakaanga vitunguu, kwamba ameoa kule kwetu, ana shamba la migomba juu ya ziwa, na binti yake wa kwanza amembatiza Klotilde. Nilicheka. Nikasema amepata somo wangu, vizuri. Halafu nikaingia chooni nikafungulia bomba la maji nikalia. Mkewe simwonei wivu, namwombea. Lakini Jumapili mchana, mpaka leo, nikisikia hatua ngazini nainua kichwa.

Kwa hiyo nasaha yangu, mwanangu, isikilize yote, usichukue nusu. Klotilde wa kwanza alijibu upesi, akapoteza wajukuu. Klotilde wa pili alichelewa, akapoteza aliyempoteza. Mama Veronika hakunidanganya. Ni mimi nilichukua dawa ya ugonjwa mmoja nikainywa kwa mwingine. Kabla hujajibu, mtazame kwanza anayeuliza. Akija ametumwa, amekuwekea vitu viwili na kukuharakisha, huyo mkalishe kwenye benchi. Akikaa mpaka kesho hatadhurika. Wala usimpe jibu la machozi, kwa sababu yeye atalibeba kama lilivyo, na wewe machozi yako yatakauka na jibu litabaki. Lakini akija mwenyewe, mikono mitupu, anauliza kwa sauti ya chini, huyo usimngojeshe. Toa mikono yako kwenye nywele za watu. Usitafute maneno mazuri. Sema lililopo.

Sasa niambie. Huo ujumbe ni wa wifi yako. Mumeo mwenyewe amesema nini? Hujui. Hujui kwa sababu tangu asubuhi hujapokea. Hiyo simu imetikisika pale kwenye kiti tangu nianze kusimulia, nawe unadhani ni yule yule wifi. Mimi nimekaa upande wa kiti, mwanangu, na miwani ninayo. Jina linalotokea hapo si la wifi yako.

Haya, nenda barazani, hapa kuna kelele za mashine. Mungu akupe ulimi mpole na masikio mapana. Akutunzie mtoto wako, akutunzie na baba yake, na nyumba yenu, ikiwa huku au kule baharini, isikose mtu wa kumimina maji na mtu wa kufumba macho. Asikunyime uso wa mtu wako mpaka mzeeke wote wawili. Inalia tena, unaisikia? Lete huo mstari, nishike mimi. Kichwa hiki nitakimaliza mwenyewe.